Miezi Kumi na Minane Aliyoiomba Fundi

Mtaani walimwita Fundi tu, kana kwamba hapakuwa na fundi mwingine. Mafundi walikuwepo tele, wa viatu, wa redio, wa mabomba, lakini hao ilibidi uwataje pamoja na kazi zao. Ukisema Fundi peke yake, kila mtu alijua unamsema yule mzee mrefu aliyeandika maandishi kwenye kuta, kwenye milango ya maduka na ubavuni mwa malori. Alikuwa na miaka sitini na moja, na arobaini na miwili kati ya hiyo aliimaliza ameshika brashi.

Alikuwa mtu asiyevumilia kitu kilichokwenda upande. Siku moja alipita mbele ya bucha moja akaona imeandikwa NYMA SAFI. Akasimama, akatikisa kichwa, akarudi nyumbani kuchukua ngazi na kopo la rangi nyekundu, akapanda na kuibana ile A iliyokosekana katikati ya herufi mbili, bila kuombwa. Mwenye bucha akatoka mbio na kisu mkononi. "Wewe mzee, nani kakutuma?" Fundi akamjibu bila kugeuka, "Ng'ombe." Watu walicheka wiki nzima.

Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana. Makopo ya rangi yalipangwa kwa ukubwa chini ya dirisha, brashi zilining'inia vichwa chini kwenye uzi, na harufu ya tapentaini ilikuwa imeingia hadi kwenye mapazia. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mkewe, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Wateja wake walizoea kusema kwamba shati likitoka kwa mama huyo linanukia sabuni kwa nje na rangi kwa ndani.

Walikuwa na watoto wawili. Binti aliolewa akahamia mji mwingine. Aliyebaki ni mdogo wake wa kiume, na huyo mtaa mzima ulimwita Mstari. Jina hilo alilipata akiwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa anahangaika na uzi na chaki kupiga mstari kwenye ukuta wa zahanati. Mtoto akachukua chaki, akatembea toka pembe hii hadi pembe ile mkono umenyooka, bila uzi, bila rula. Fundi akaja na rula yake kupima. Hakukuta pa kurekebisha. Siku hiyo alinyamaza hadi jioni, na mkewe akajua kwamba mumewe amefurahi kupita kiasi.

Mstari alipofika miaka ishirini, mkono wake ulikuwa umeupita wa baba yake, na baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Mabango ya vitambaa yanayochapwa kwa mashine yalikuwa yameanza kuwanyang'anya wateja, lakini wenye malori walikuwa bado wanakuja, tena wakimwulizia kijana. "Nataka aandike Mstari," walisema. Fundi akawa anajifanya amekasirika.

Kisha ngazi ikateleza. Mstari alikuwa na miaka ishirini na mitano, anaandika jina la kampuni juu ya ukuta wa ghala, na chini palikuwa na sakafu ya zege. Akavunjika nyonga. Alilala hospitali wiki saba, akatoka na magongo na bahasha ya vidonge vya maumivu. Vidonge vikaisha. Maumivu yakabaki. Mpakia mizigo mmoja wa palepale ghalani, aliyekuja kumjulia hali, akampa unga kidogo wa kuvuta, akamwambia, "Ndugu yangu, hiki kitakulaza." Na kweli kikamlaza. Ilikuwa mara ya kwanza kulala usiku mzima tangu aanguke.

Fundi aliuona ugonjwa kwa macho ya kazi yake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, kijana akiwa ametupa magongo na kurudi kazini, waliandika mlango wa saluni. Fundi akarudi nyuma hatua tatu kuangalia, akaona ile S ya kwanza imelalia upande.

"Umekunywa?" akauliza.

"Sijanywa, baba."

"Basi hii S imekunywa yenyewe?"

Mstari akacheka, akachukua kitambaa akaifuta, akaiandika upya. Ikalala tena.

Mama ndiye aliyeona mikono, siku aliyokuwa anamfulia shati la mikono mirefu wakati wa joto kali. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani kwa mwanawe, akaukunja mkono wa shati alilovaa, akaangalia matundu ya sindano, akaushusha tena taratibu.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na adabu ya msibani. Mara tatu walimfungia chumbani ili unga umtoke. Wenyewe hali hiyo wanaiita arosto: mwili mzima unauma, tumbo linafunguka, mtu anatetemeka kama kamwagiwa maji ya barafu. Mama alikuwa ndani na beseni na taulo. Fundi alikaa nje ya mlango kwenye kiti, akimsikia mwanawe akilia kama mtoto mchanga, huku akijiambia kwamba mwanamume haachi jambo mpaka aamue. Mara ya kwanza Mstari alikaa safi wiki tatu. Mara ya pili siku tisa. Mara ya tatu hakufika hata kesho yake.

Asubuhi moja kijana alimfuata baba yake karakana akiwa na karatasi. Alikuwa ameoga na kuchana nywele.

"Baba, pale hospitali ya wilaya kuna kliniki. Wanakupa dawa ya maji unakunywa mbele ya nesi, basi ile hamu inatulia. Unaweza hata kufanya kazi."

"Unakunywa mara ngapi?"

"Kila siku asubuhi."

"Mpaka lini?"

"Mwaka. Wengine miwili, wengine zaidi." Akaisogeza ile karatasi. "Wanataka ndugu wa kunisindikiza na kuweka sahihi. Mama sitaki kumchosha zaidi. Nisindikize wewe, baba."

Fundi alikuwa anachanganya rangi ya bluu. Hakuacha kukoroga. "Kwa hiyo mtu anaacha dawa kwa kunywa dawa."

"Siyo hivyo."

"Ni hivyohivyo. Anayeacha anaacha. Hajiandikishi."

Mstari akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akatoka.

Baada ya hapo vitu vikaanza kuota miguu. Ilianza pasi ya mama, na pamoja nayo shuka tatu za mteja. Ikafuata redio. Mama akaazima pasi kwa jirani. Kisha siku moja Fundi aliamka akakuta uzi wa brashi unaning'inia mtupu. Brashi zote kumi na moja, nyingine alizinunua kabla hata hajaoa. Akavaa koti lake la kutokea.

Mkewe alisimama mlangoni. "Unakwenda wapi, Baba Watoto?"

"Kituoni."

"Mtoto anaumwa, wewe unampelekea polisi?"

"Mgonjwa haibi."

"Huyu anaumwa na anaiba. Vyote viwili." Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Fundi alimtoa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akapita.

Askari walimkuta Mstari nyuma ya soko, na mfukoni alikuwa na kete mbili za unga. Habari ya brashi haikufika hata mezani; kete zilitosha. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na uso wa mtu ambaye tangu asubuhi amesikia mengi. Mstari alikiri kosa. Afisa wa ustawi wa jamii, kijana mwembamba mwenye jalada jembamba, akasimama akaeleza kwamba mshtakiwa aliumia kazini, hana kosa la nyuma, na anaweza kupewa kifungo cha nje kwa sharti la kuhudhuria kliniki, mradi apatikane mzazi wa kumchukua na kumsindikiza.

Hakimu akatazama huku na huku. "Mzazi yupo?"

Fundi akasimama.

"Mzee, uko tayari kumchukua kijana wako kwa masharti hayo?"

"Mheshimiwa, nimechoka. Mfungeni. Jela itamnyoosha."

Watu wawili watatu waliomjua wakaguna kicheko, kwa sababu ya lile jina. Hakimu akavua miwani.

"Jela si hospitali, mzee."

"Hospitali tumemaliza, mheshimiwa. Hakuna tulipoacha."

Ilikuwa uongo. Hawakuwa wamempeleka popote zaidi ya kile chumba chenye kufuli. Mstari alikuwa kizimbani, hatua sita kutoka alipokuwa baba yake, na alimgeukia. Angeweza kusema. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, akatazama mikono yake. Fundi aliona, na moyoni akasema: mwacheni anichukie, mradi apone.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Miezi kumi na minane.

Gereza lilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka mtaani. Wageni walikaa upande huu wa waya na wafungwa upande ule, wote wakizungumza kwa pamoja, hata ikabidi mtu apige kelele kumwambia mwanawe jambo la siri. Mara ya kwanza Fundi alipokwenda, Mstari alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Siku kumi na moja za kwanza nilikuwa sakafuni karibu na ndoo," alisema. "Daktari hakuja. Mtu mmoja aliyefungwa kwa kuua ndiye aliyekuwa ananifuta."

Fundi akausogelea waya. "Lakini imetoka?"

"Imetoka."

Mara ya tatu alikuwa ameanza kujaa mashavu. Mara ya sita alikuwa amenenepa kabisa, na bwana jela alikuwa amempa kazi ya kuandika namba kwenye milango. "Mkono haujapotea," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Fundi alirudi nyumbani amevimba kichwa. Kwa kinyozi, kwa muuza magazeti, kwa mwenye bucha, kote alisimulia. "Mlinicheka mimi. Mlisema mzee hana huruma. Nendeni mkamwone! Amekuwa kama bwana harusi." Na baadhi ya wazazi walimsikiliza kwa makini mno, kwa kuwa nao walikuwa na yao majumbani.

Mkewe alikwenda gerezani siku zake, peke yake, na hakusimulia chochote. Nyumbani aliendelea kumpakulia mumewe chakula, kumpigia pasi mashati, kumwitikia anapoitwa. Alikuwa ameacha tu kumwita Baba Watoto.

Mstari alitoka siku ya Jumanne. Walimpa nguo zake za zamani, ambazo sasa zilimbana, na karatasi ya kuonyesha kwamba amemaliza adhabu. Hakuna mtu aliyewaambia neno lingine, yeye wala baba yake aliyekuwa anamsubiri getini. Njiani walizungumza habari za malori. Mama alimpokea mlangoni, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akauachia tu pale majirani walipoanza kuingia.

Jumatano waliandika mlango wa duka la vifaa vya umeme, baba na mwana. Fundi alirudi nyuma hatua tatu kuangalia, akaona kila herufi imesimama mahali pake. Alitoka mbele ya ule mlango akijihisi mtu mwenye akili kuliko mahakimu wote wa dunia.

Alhamisi mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwita Fundi kwa kazi ya kuandika ukuta mzima wa mbele. Walipofika pale, akamvuta Fundi pembeni. "Wewe njoo, Fundi. Lakini kijana abaki nyumbani. Wazazi wataongea. Ametoka jela, unaelewa."

"Amemaliza adhabu yake."

"Ndiyo, ndiyo. Amemaliza. Lakini unaelewa."

Mstari alikuwa amesikia. Alikuwa ameshika ngazi. Akaiegemeza ukutani vizuri ili isianguke, akasema, "Usijali, baba. Kesho njoo wewe. Mimi nitasafisha makopo."

Usiku ule Fundi alifikiria kuikataa ile kazi. Asubuhi, Ijumaa, akaenda. Alijiambia kwamba watu watazoea, kwamba mwezi mmoja tu utatosha. Mama naye alitoka saa nne kupeleka nguo za wateja. Saa sita na nusu, Fundi alirudi kuchukua kopo jingine la rangi nyeupe. Karakana ilikuwa imefagiliwa. Makopo yalikuwa yamefutwa, yanang'aa. Aliita, hakuitikiwa. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa ndani, akausukuma kwa bega mara mbili.

Hospitalini walimkalisha yeye na mkewe kwenye benchi, na baadaye akaja daktari kijana, akachuchumaa mbele yao ili asiwaongeleshe kwa juu. Akawaambia kwamba Mstari alipofikishwa alikuwa ameshakwisha.

"Lakini alikuwa ameacha," Fundi alisema. "Daktari, huyu alikuwa ameacha. Mwaka na nusu hajagusa."

"Ndiyo sababu, mzee."

Fundi hakuelewa.

"Mwili wa mtu anayetumia kila siku unazoea. Akikaa miezi bila kutumia, yale mazoea yanaisha, mwili unakuwa kama wa mtu ambaye hajawahi kuonja. Sasa akija akachukua kile kipimo chake cha zamani, pumzi inakatika. Tunawapata hivi wengi, wiki mbili za kwanza baada ya kufunguliwa." Akawatazama wote wawili. "Hawakuwaambia kule gerezani?"

"Hawakutuambia."

"Walitakiwa wamlete kwetu siku ileile aliyotoka."

Walimzika Jumapili. Binti yao alikuja, akakaa siku kumi, akarudi kwa mumewe. Watu walikuja na maneno yao. Wengi walisema ni mapenzi ya Mungu, na mmoja, bila nia mbaya, akamwambia Fundi, "Wewe ulifanya kila kitu. Hata jela ulimpeleka. Angalau alitoka safi." Fundi alimshukuru.

Wiki ya tatu, mkewe alikuwa anapiga pasi na yeye amekaa kwenye kiti hana anachofanya, kama alivyokuwa siku zote hizo. Bila kuinua macho kwenye shati, mama akasema:

"Ulimwambia hakimu hospitali tumemaliza."

Fundi akageuza kichwa polepole. "Nani kakwambia?"

"Nilikuwa benchi la nyuma. Nilikufuata."

Siku zote alidhani mkewe alikaa nyumbani siku ile. "Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusimama. Miguu ilikataa." Akageuza shati, akapiga pasi kola. "Kwa hiyo tuko wawili. Usidhani uko peke yako."

Fundi angependelea amtukane. Alikaa pale mpaka rundo lote la nguo likaisha, na wala hakunyanyuka kumsaidia kukunja, maana hakujua kama anaruhusiwa.

Mwaka ukapita kwa namna hiyo. Alikuwa ameanza tena kuchukua kazi ndogondogo alipokuja mama mmoja wa mtaa wa pili, mshona mapazia. Alikataa kukaa.

"Fundi, wewe unajua njia za kule kituoni. Nisindikize. Binti yangu ameanza yaleyale. Jana kauza kichwa cha cherehani yangu. Nataka wamfunge kabla hajafa."

"Wamfunge."

"Wako alinenepa. Nilimwona kwa macho yangu siku aliyotoka. Kilichomuua ni kurudia."

Fundi alimtazama mama huyu, akasikia maneno yake mwenyewe ya kwa kinyozi yakimrudia, neno kwa neno. Akamvutia kiti. Akamweleza yote, la daktari na la benchi la nyuma, na la ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuwahi kumweleza mtu. Mshona mapazia alisikiliza, machozi yakaanza kumtoka, lakini yalikuwa ya hasira.

"Kwa hiyo nifanye nini? Nimwache animalize? Wewe unajua nyumba inavyokuwa!"

"Najua."

"Basi nijibu."

"Sina jibu, dada yangu. Ningekuwa nalo ningekuwa na mwana. Ninachojua ni kwamba kituoni siendi tena. Ukitaka kliniki, nitakwenda, kesho asubuhi."

Kesho yake walikwenda watatu. Binti alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba kama kijiti, mdomo mkali. Nesi wa kliniki, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimpa Fundi daftari atie sahihi kama msindikizaji. Alipoliona jina la ukoo akafunua daftari jingine la zamani.

"Tulikuwa na kijana wa jina hili. Alikuja mara mbili. Tulimrudisha kwa sababu hakuwa na ndugu wa kumwekea sahihi." Akainua macho. "Ni wa kwenu?"

"Mwanangu," Fundi alisema. "Sahihi nilikuwa nayo mimi."

Nesi akamsogezea kalamu.

Wakaanza safari za kila asubuhi, kwa kuwa mshona mapazia alifungua duka mapema na Fundi hakuwa na haraka. Binti alimwita babu, akamcheka mwendo wake. "Babu, ungekuwa gari ungeshakamatwa kwa kuzuia barabara." Alikunywa dawa, akakunja uso, wakarudi. Siku nyingine hakuonekana, na Fundi alikaa kwenye benchi la kliniki hadi saa tano, kisha akarudi peke yake. Kesho yake binti alikuja na hadithi ndefu ya uongo. Fundi aliisikiliza yote.

Mwezi wa tatu wa safari hizo polisi walifanya msako nyuma ya soko. Binti alikamatwa na kete moja. Fundi na mshona mapazia walikwenda mahakamani na barua ya kliniki. Yule mama hakimu alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo sasa alikuwa kijana mwenye haraka, na siku hiyo alikuwa na watu thelathini wa msako huohuo. Fundi aliinua mkono. Akaambiwa ashushe. Akasimama.

"Mheshimiwa, mimi nitamchukua. Si mwanangu, lakini nitamchukua."

"Mzee, kaa."

"Wangu nilimwombea jela mwenyewe, humu humu ndani. Mkanipa. Alitoka akakaa siku tatu tu, ya nne akafa. Ninawaomba…"

"Mzee, kaa chini au utatolewa."

Miezi sita. Hakimu aliisoma kama mtu anayesoma bei, akaita jina lililofuata.

Fundi alirudi kwenye waya uleule na makelele yaleyale. Binti alikuwa amepauka, anajikuna. "Babu," alipiga kelele, "humu wananiambia nitatoka nimepona!"

"Usiwasikilize! Siku ya kutoka usiende popote. Nitakuwa getini. Tutakwenda kliniki kabla hujala."

"Na ukifa kabla?"

"Sifi."

"Una miaka mingi, babu. Usiniahidi."

Jioni ile alimsimulia mkewe, kwa mara ya kwanza akimsimulia habari za gerezani naye akasikiliza. Mama alimaliza kukunja shati. Kisha akasema, "Tutakwenda wote. Wewe ukishindwa mwendo, mimi nitamshika."

Binti aliachiliwa siku ya Ijumaa alasiri, na mpaka wamefika mjini kliniki ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Walisimama mbele ya lile kufuli wanne, Fundi na mkewe, mshona mapazia na binti. Mkewe Fundi ndiye aliyeamua. Alimchukua binti hadi nyumbani kwa Fundi, akamtandikia chumbani kwake, akalala naye mlango ukiwa wazi. Jumamosi na Jumapili hakumwacha aende hata bafuni peke yake. Alikaa nje ya pazia lililotundikwa mahali pa ule mlango uliovunjwa, akiongea naye mambo ya sabuni na madoa, na kila binti alipochelewa kujibu, alimwita. Fundi aliwasikia kutoka karakana, mkewe akiita, binti akiitikia kwa kuchoka, "Nipo, bibi. Nipo."